Hina ya Biharusi na Jina la Aliyeichora



Nenda harusi yoyote hapa kwetu Unguja, uliza gauni limeshonwa wapi, utajibiwa. Uliza nani kapamba ukumbi, utapewa na namba ya simu. Keki, picha, udi, hata aliyepika pilau, wote wana majina yao. Sasa uliza ile hina, ile iliyomkalisha biharusi saa tano asiweze hata kushika kikombe cha chai, kaichora nani. "Yuko mtoto mmoja hivi, wa huko Ng'ambo." Basi, imekwisha. Mtoto mmoja hivi.

Leo nataka kumzungumza huyo mtoto mmoja hivi, kwa sababu mwaka mzima huu nimekuwa naye. Si mmoja, walikuwa kumi na moja.

Wengi wao wamemaliza skuli na hawakuendelea. Wanakaa na mama zao, wanasaidia kazi za nyumbani, na mikono yao inajua kitu ambacho hakuna aliyewafundisha. Wamejifunza kwa kutazama, kwanza kwa shangazi au dada mkubwa, halafu kwenye simu, video za Kihindi na za Kiarabu. Mtoto wa jirani yangu anaweza kukuchorea mkono mzima bila ya kuinua koni, na ua la mwisho likaangukia pale pale lilipoanzia. Nilipomuuliza biharusi wake wa mwisho alimlipa nini, akacheka. Alilipwa shilingi elfu kumi na tano, sahani ya biriani na kipande cha kanga. Unga wa hina alinunua mwenyewe, ndimu alinunua mwenyewe, na kurudi nyumbani alikodi bodaboda saa sita za usiku.

Sote tumesoma mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sijui kwa nini tukifika kwa mchoraji hina tunaona hiyo si kazi, ni kushirikiana.

Na tusidhani kwamba sanaa zetu haziwezi kufundishwa na kupelekwa mbele za watu. Mziki umefanyiwa. Siti binti Saad alitoka Fumba, akiuza vyungu. Alipokuja mjini akapata watu wa kumfunza, na sauti aliyokuwa nayo tangu kijijini ikapata njia. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, akaimba kwa Kiswahili, na jina lake likaenea pwani nzima. Sauti alipewa na Mola wake, lakini mafunzo na jukwaa alipewa na watu. Na hadi leo kijana wa Unguja anayetaka kupiga udi, kanuni au fidla ana pa kwenda: chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kile cha DCMA, kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, na tangu 2004 kuna tamasha la Sauti za Busara. Anajifunza, kisha anasimama mbele ya watu. Mchoraji wa hina hana mahali hapo pawili.

Hata Bi Kidude, Allah amrehemu, aliyefariki Aprili 2013, dunia nzima inamjua kwa taarabu na ngoma ya unyago. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa akitengeneza hina yake mwenyewe na kuwapaka maharusi. Sauti yake imehifadhiwa, tunaisikia. Mikono aliyoipaka imeshaoshwa zamani.

Jambo jingine lililonitia wivu, na wivu wenyewe si wa ubaya. Disemba 2024 UNESCO iliiingiza hina kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Walioomba ni nchi 16 za Kiarabu kwa pamoja. Oman wamo, Yemen wamo, Sudan wamo, ndugu zetu hasa katika hina. Sisi hatukuwemo. Na sisi ndio ambao hatuolewi bila ya siku ya hina! Lakini orodha hiyo nisiitukuze kupita kiasi, kwa sababu haimpi msichana wa Ng'ambo nauli ya kurudia nyumbani.

Lililonisukuma zaidi lilikuwa ni piko.

Binamu yangu alichorwa piko siku mbili kabla ya ndoa yake. Alitaka nyeusi, kwa sababu nyeusi inatoka vizuri kwenye picha. Asubuhi ya siku ya ukumbi mikono ilikuwa imevimba, na kila ua lililochorwa limesimama kama lengelenge. Tulimvisha glavu nyeupe. Wageni walidhani ni mtindo mpya, wakausifu. Alama zilibaki kwenye ngozi yake miezi mingi, na hadi leo hawezi kutia rangi ya nywele, akiitia tu uso unamvimba.

Msichana aliyemchora hakuwa na nia mbaya hata chembe. Hakujua. Alichanganya rangi ya nywele ya unga kama alivyoona wenzake wakichanganya. Rangi ile nyeusi mara nyingi ina kemikali ya parafenilinidiamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye rangi za nywele tu, tena kwa kiwango kidogo, haziruhusu kupakwa kwenye ngozi. Na ubaya wake, mwili ukishaikataa mara moja unaikataa maisha. Unaweza kuchorwa leo usione kitu, madhara yakaja baada ya wiki, mwenyewe uko fungate.

Mlaumu nani? Msichana hajapata hata siku moja ya kufundishwa, na tunamkabidhi ngozi ya biharusi.

Ndipo mimi na wenzangu watatu tukakaa uani kwangu tukasema tutaanza na tulicho nacho. Hatukuwa na mfadhili. Tulikuwa na ua, mkeka, birika la chai, na Bi Mkubwa mmoja wa mtaa wetu ambaye amewapaka hina maharusi tangu kabla mimi sijazaliwa. Jumamosi sita, baada ya sala ya alasiri hadi karibu na magharibi. Wapo waliosema Bi Mkubwa atafundisha kwa ajili ya thawabu. Thawabu ziko kwa Allah, sisi tulimlipa. Ukitaka vijana waamini kwamba ujuzi una thamani, waone kwanza mwalimu wao akilipwa.

Siku ya kwanza hakuwaruhusu kushika koni. Aliwapa majani. Wengine walikuwa wanachora hina miaka minne na hawajawahi kuuona mhina ukiwa mti, na mmoja alikuwa nao nyuma ya nyumba yao akidhani ni wa uzio tu! Majani yalianikwa kivulini, yakatwangwa, yakachekechwa kwa kitambaa chepesi mara mbili mpaka unga ukawa laini kama poda. Ukakandwa kwa maji ya ndimu, ukafunikwa ukalala usiku kucha. Asubuhi yake ndipo yanatiwa sukari kidogo ili hina ishike kwenye ngozi isipukutike, na matone machache ya mafuta ya mkaratusi. Mafuta ya karafuu pia yanafaa, tunayo wenyewe, lakini yana ukali, kwa hiyo ni matone tu.

Hapo wakajifunza mambo ambayo na wewe biharusi inakupasa uyajue. Hina ya kweli haiwi nyeusi tititi. Ukiibandua inakuwa rangi ya chungwa, na watu wengi wakiiona hivyo wanasikitika, wanakimbilia piko. Subiri. Inakolea siku ya pili, inafika kwenye wekundu wake wa kahawia baada ya saa ishirini na nne hadi arubaini na nane. Kwa hiyo anayetaka ipendeze Ijumaa achorwe Jumatano. Na hina iliyokandwa haikai dukani juu ya rafu miezi sita, nguvu zake zinapotea isipowekwa kwenye friza. Koni inayokaa muda wote huo na bado inatoa rangi kali imetiwa kitu. Baada ya kubanduliwa, hina ya majani huacha rangi tu kwenye ngozi, haiweki gamba, na maji ya udhu yanafika. Ngozi iliyoungua kwa piko hata kuitia udhu ni mtihani.

Jumamosi ya tatu Bi Mkubwa alikataa kukaa uani. Aliwachukua wasichana mpaka Mji Mkongwe, kila mmoja na daftari lake, wakasimama mbele ya milango. Ile ile wanayopita kila siku wakienda Darajani. Akawaonesha yungiyungi lilivyofunguka, mnyororo unavyozunguka fremu, matawi ya mtende, na magamba ya samaki chini kabisa. Kisha akavua kanga yake ya begani akawaonesha pindo, na lile umbo la korosho. "Mnachora maua ya Bombay," aliwaambia, "na ya kwenu hamuyajui." Sikubaliani naye moja kwa moja, maana pwani hii imechukua kwa Wahindi na kwa Waarabu tangu zamani, na hizo kanga zenyewe zimetoka wapi? Lakini wiki iliyofuata madaftari yalikuwa yamebadilika. Mmoja alichora mnyororo wa mlango kuzunguka kifundo cha mkono kama bangili, na sijawahi kuona mahali popote.

Somo gumu kuliko yote halikuwa la kuchora, lilikuwa la hesabu. Tulimweka kila mmoja aandike: unga, ndimu, nailoni ya koni, sukari, mafuta, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na masaa. Mtoto wa jirani yangu alijumlisha, akajumlisha tena. Akagundua kwamba maharusi wawili kati ya wanne aliowachora mwezi ule, yeye ndiye aliyewalipa. Alinyamaza muda mrefu. Mama yake, aliyekuwa akipita na sinia la vileja, akasema polepole, "Na mimi nilikuwa nakugombeza kwamba huleti kitu."

Maonesho yalikuja baadaye, na hapo ndipo palikuwa na kazi. Mkeka unaning'iniza ukutani, kofia unaiweka juu ya meza, lakini hina utaioneshaje? Iko kwenye mwili wa mwanamke, tena baada ya wiki mbili imefutika. Picha za maharusi hatukutaka kuzitumia, hizo ni sitara ya watu. Tukaamua kuchora juu ya marekani nyeupe, maana hina inaacha rangi kwenye kitambaa pia, na seremala akatukatia viganja vya mbao. Tuliazima chumba kimoja cha skuli, mchana mmoja, wanawake watupu mlangoni na ndani, ili wageni wavue buibui wachorwe pale pale kwa raha zao.

Halafu tukabishana siku mbili juu ya kadi ndogo.

Tulitaka kila kazi iwe na kadi ya jina la aliyeichora na bei. Mama wa msichana mmoja alikuja kwangu amekasirika, ingawa alinisalimia kwa heshima. Akasema jina la mwanawe si la kutundikwa ukutani, yeye ni mwanamwali, watu watasema nini. Sikumdharau. Haya ni kitu kikubwa kwetu, na mzazi ana haki ya kumuhofia mtoto wake. Nilimweleza kwamba hakuna picha, hakuna mwanamme atakayeingia, na namba ya simu itakuwa yake yeye mama. Bado alikuwa anatikisa kichwa. Bi Mkubwa, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, hakuinua hata macho. "Siku ya kumuoza jina lake si litatajwa mbele ya wanaume wote msikitini? Mbona hilo hulikatai?" Mama akacheka bila ya kupenda. Tulikubaliana jina la kwanza pekee, na ndivyo tulivyofanya kwa wote.

Nimeyaona maonesho mengine, mashoga zangu. Meza ndefu, kitambaa cha kijani, mgeni rasmi anapita, kazi zimeandikwa "Kikundi cha Akina Mama". Anapigwa picha na mkoba wa ukili, anaondoka. Nani kasuka? Akina mama. Nimeona pia mafunzo ya siku tatu, posho na cheti, na baada ya mwaka cheti kiko ukutani na msichana yuko pale pale. Sisemi watu wasifanye, wanafanya kwa nia njema na sisi wenyewe tumesaidiwa na watu wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba mafunzo yasiyomfikisha msichana kwa mnunuzi ni nusu ya kazi, na maonesho ya mtu asiyefunzwa yanaweza kuwa hatari, kama yalivyomfika binamu yangu.

Siku yetu walikuja wengi kuliko viti. Mama wakwe, mawifi, maharusi watarajiwa na madaftari yao ya harusi. Bibi mmoja aliyevaa dhahabu mpaka kwenye viwiko alisoma kadi, akasoma bei ya mikono na miguu ya biharusi, shilingi elfu themanini, akasema kwa sauti, "Hina tu hii?" Chumba kikanyamaza. Msichana aliyekuwa nyuma ya meza ana miaka kumi na tisa na kwa kawaida ukimsalimia anaangalia chini. Akasema, "Ndiyo, Bibi, hina tu. Haina piko. Nimeitwanga mwenyewe, nitakaa na mwari saa tano, na nitakuja siku mbili kabla nimjaribishe kidogo kwenye mkono." Yule bibi alisonya akaondoka, na hakurudi. Lakini dada aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni aliweka arubuni pale pale. Mpaka magharibi tulikuwa na maharusi kumi na wanne waliojiandikisha, tisa kati yao wamelipa arubuni.

Si wote waliofika. Watatu waliacha Jumamosi ya nne, mmoja kwa sababu kazi ya hina inamalizika usiku na mumewe hakuridhia atembee peke yake. Nimemwelewa mumewe. Hilo si la msichana kulitatua, ni la watu wa harusi. Kama mmekodi gari tatu za kumleta shangazi kutoka uwanja wa ndege, moja iende ikamrudishe mchoraji mpaka mlangoni kwao. Tangu tumeanza kuliandika hilo kwenye makubaliano, waume na wazazi wawili wamelegeza.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa na harusi ya Mfunguo Mosi, nakuomba. Mtafute mchoraji wako mapema, usimwite juzi kama anayeitwa kuosha vyombo. Muulize anachanganya nini, na akikwambia hajui, usimkasirikie, mlete kwetu. Akubali kukujaribisha tone moja kwenye mkono siku mbili kabla. Mlipe arubuni, na inayobaki mpe kabla hajafunga mkoba wake, si baada ya fungate. Na mashoga zako wakikushika mikono wakakuuliza kaichora nani, wataje jina lake.

Darasa la pili litaanza baada ya Ramadhani, in shaa Allah. Wameshajiandikisha tisa, na wawili kati ya wale wa mwanzo watamsaidia Bi Mkubwa kufundisha, nao watalipwa. Tunachokosa kwa sasa ni majani, kwa sababu mihina mingi hapa mtaani imekatwa kupisha nyumba. Mwenye mhina uani kwake atujuulishe, tutakuja kuchuma wenyewe na tutanunua kwa pishi. Bi Mkubwa anataka ya kiangazi, anasema mti ulioona jua kali ndio wenye rangi.